Sogeza Kamera, Mwache Bibi Atulie

Meli ilianza kwenda. Katika picha ile ya mwaka 1971 bibi amesimama studio mjini Tanga, mkono mmoja juu ya kimeza chenye kitambaa na maua ya plastiki, na nyuma yake pazia lililochorwa bahari, minazi miwili na meli nyeupe. Niliipakia kwenye programu ya akili mnemba inayogeuza picha mnato kuwa video, nikachagua kamera isogee mbele, nikasubiri. Video ilipofunguka, meli ya kuchora ilikuwa inakata maji, minazi inayumba kwa upepo, na kile kimeza cha studio kimesimama mchangani kama kimesahauliwa na wavuvi. Watoto walishangilia. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza, "Sasa huyo mama anasafiri kwenda wapi?"

Nilikuwa naandaa video ya kuonyeshwa ukumbini kwenye sendofu ya binamu yangu: picha kumi na moja za familia, wimbo mmoja, dakika moja na ushei. Kazi ilinichukua siku nne, na siku tatu kati ya hizo niliharibu tu. Hizo tatu ndizo ninazotaka kukupunguzia.

Anza na hesabu. Video ikipitisha fremu 24 kwa sekunde, klipu ya sekunde tano ina fremu 120. Wewe umeipa programu picha moja. Zile 119 inazitunga yenyewe. Imefunzwa kwa video nyingi mno. Inaanza na chengachenga kama za televisheni isiyoshika stesheni, inazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na kile ambacho kwa kawaida hufuata baada ya picha ya namna hiyo. Ikiona bahari na meli, kinachofuata kwa kawaida ni meli kwenda. Pazia halimo kwenye hesabu yake. Kila hatua ambayo kamera inapiga basi ni mkopo: kadiri inavyokwenda mbali ndivyo programu inavyokopa vitu ambavyo mpiga picha hakuvipiga. Ukikopa kidogo, hakuna atakayegundua. Ukikopa sana, bibi anaota kidole cha sita.

Kabla ya kubonyeza chochote, ujue unaomba mwendo gani. Runway, Kling, Luma, Pika na wenzao wameandika vitufe kwa Kiingereza, na maneno ni yale yale ya watu wa filamu. Pan ni kamera kugeuza uso kulia au kushoto huku imesimama pale pale, kama mtu anayeisindikiza daladala kwa macho. Tilt ni hivyo hivyo, ila juu na chini. Dolly ni kamera yenyewe kutembea, mbele au nyuma. Orbit ni kumzunguka mtu, kama fundi cherehani anavyomzunguka bi harusi akitafuta mshono uliopinda. Crane ni kupanda juu kama umefungwa kwenye winchi. Na Zoom ni lenzi kukuza picha bila kamera kusogea hata inchi.

Wengi hawatofautishi Zoom na Dolly, na kosa hilo ndilo huzaa nusu ya vituko. Panda basi la Tanga kwenda Korogwe, ukae dirishani. Nguzo za umeme zinapita mbio, mistari ya mkonge inapita kwa utaratibu zaidi, na milima ya Usambara ipo tu, kama inasafiri pamoja na wewe. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya vya karibu na vya mbali ndiyo inayoliambia jicho kwamba dunia ina kina. Dolly inaleta tofauti hiyo, na ili iilete lazima ifunue kilichokuwa kimejificha nyuma ya nguzo. Yaani lazima itunge. Zoom inakuza vyote sawasawa, kama unapoisogeza karatasi karibu na uso. Haifunui kitu, kwa hiyo haikopi kitu.

Kuna mwendo unaochanganya vyote viwili: kamera inarudi nyuma huku lenzi inakuza, na ukuta wa nyuma unaonekana kama unamjia mtu. Alfred Hitchcock alitumia mchanganyiko wa namna hiyo katika filamu ya Vertigo ya mwaka 1958 kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa kimo. Siku hizi unapatikana kwa kubonyeza tu, na watu wanaubonyeza. Nimeuona umewekwa kwenye picha ya mzee anayekata keki ya kutimiza miaka 70. Ikawa kama ndani ya keki kuna bomu.

Sasa chagua picha. Mimi najiuliza maswali matatu. Kuna kitu cha karibu? Kuna kitu cha mbali? Na je, hicho cha mbali kiko mbali kweli? Picha ya kichochoro cha Mji Mkongwe, mlango wa nakshi upande wa karibu, baraza katikati na kipande cha mwanga mwishoni, inafaulu yote matatu. Hiyo mpe Dolly ya mbele, taratibu, na itakupendeza. Picha ya mtu aliyesimama kwenye ngazi za nyumba yake na mwembe nyuma nayo inafaulu. Pazia la studio linafeli swali la tatu, na pwani yetu imejaa picha za namna hiyo. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya meli, ndege na majumba ya fahari, na watu walivaa vizuri wakaenda kusimama mbele ya safari ambayo hawajaifanya. Akili mnemba itawasafirisha kweli. Kama unataka kuchekesha watoto, sawa. Kama unataka kumkumbuka mtu, umemharibia picha yake, kwa sababu ladha yote ilikuwa kwamba pazia linajulikana kuwa ni pazia.

Kwa picha kama hizo, pamoja na picha za pasipoti na za darasa zenye watoto arobaini kwenye mistari mitatu, situmii akili mnemba kabisa. Natembeza fremu juu ya picha bapa. Mbinu hii ni ya zamani. Colin Low na Wolf Koenig wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada waliitumia katika City of Gold, mwaka 1957, wakipitisha kamera juu ya picha za wachimba dhahabu wa Dawson City. Ken Burns wa Marekani akaifanya ijulikane kila mahali kwa The Civil War ya mwaka 1990, hadi kampuni ya Apple ikaipa jina lake kwenye programu yake ya kuhariri video. Kwenye CapCut ni alama mbili zenye umbo la almasi: moja mwanzoni mwa klipu picha ikiwa hivi, nyingine mwishoni ukiwa umeikuza au umeisogeza kidogo. Programu inajaza mwendo uliopo katikati. Uso unabaki uso ule ule, hata wa yule mtoto wa mstari wa nyuma ambaye kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Ukiipa akili mnemba kichwa hicho ikichezee, kinayeyuka.

Hakuna programu itakayookoa picha mbovu, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Kama karibu kuna duka lenye skana, omba nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa kama pikseli 2,360 kwa 3,540, na hizo zinatosha kukuza sehemu yoyote bila kuona ukungu. Kama huna skana, laza picha sakafuni karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, zima flashi, simama wima juu yake na uhakikishe kingo nne za picha zinalingana na kingo za kioo cha simu. Usiikaribie sana, simama juu kidogo kisha uvute mara mbili, maana lenzi ya simu ikiwa karibu inatunisha kitu cha katikati. Picha ya kwenye fremu itoe. Lakini kama imegandamana na kioo, kama zinavyogandamana nyingi zilizokaa miaka kwenye unyevu wa pwani, usiibandue: rangi itabaki kwenye kioo na karatasi itabaki mkononi mwako. Ipige ikiwa ndani, simu yako ukiwa umeipitisha kwenye tundu la kitambaa cheusi ili kioo kisiakisi dari na uso wako.

Na ukiomba picha kwa ndugu aliye Muscat au Toronto, mwambie aitume WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na wewe utabaki unalaumu akili mnemba kwa ukungu ulioletwa na WhatsApp.

Programu za kunoa picha za kale nazo zitazame kwa jicho la pembeni. Za kuondoa vumbi na mikwaruzo ni sawa. Za kuurudisha uso uliofifia hazina pa kuurudisha kutoka, zinaubuni. Picha moja ya babu ilirudi ikiwa safi kabisa, na mtu aliyemo angeweza kuwa binamu yake.

Kata picha mwenyewe kabla ya kuipakia. Simu inataka video ya wima, 9 kwa 16. Projekta ya ukumbini inataka ya mlalo, 16 kwa 9. Ukipeleka umbo lisilofanana na ulichokichagua, programu ama itakata kichwa ama itajitolea kukujazia pembeni, na pembeni hapo inaweza kuweka chochote.

Maelezo unayoiandikia programu yawe mafupi, kwa mpangilio huu: kamera, mtu, mazingira. Kwa picha ya kichochoro niliandika hivi: "Kamera inasogea mbele polepole sana, kwa mstari ulionyooka. Mzee aliyekaa barazani ametulia. Mwanga ni wa asubuhi, umetulia. Nguo zilizoanikwa zinacheza kidogo kwa upepo." Angalia kwamba hakuna katazo. Ukiandika "mzee asigeuke", programu nyingi zinashika neno kugeuka, na mzee anageuka. Sema kinachotokea, usiseme kisichotokea. Usirudie pia kueleza vilivyomo kwenye picha, kanzu nyeupe, kofia, bakora. Picha inavionyesha tayari, na ukivitaja unaiambia programu ivishughulikie. Kiswahili programu moja ilinielewa vizuri. Nyingine niliiandikia "kamera inasogea", ikanichorea kamera yenye miguu mitatu katikati ya kichochoro. Hapo nikatafsiri kwa Kiingereza na mambo yakanyooka.

Nguvu ya mwendo iweke chini kabisa, kisha upandishe kama haitoshi. Muda chukua mfupi kuliko yote wanaokupa. Tengeneza mara tatu au nne kwa maelezo yale yale, kwa sababu kila jaribio linaanza na chengachenga zake na matokeo hayafanani. Kisha zitazame bila sauti, moja moja, ukikodolea mikono, masikio, hereni na miguu ya viti. Mara nyingi utakuta sekunde mbili za mwanzo ni nzuri na uharibifu unaanza baada ya hapo, kamera ikiwa imeshakwenda mbali na picha yako. Kata hizo mbili, zipunguze mwendo zifike tatu, basi umepata.

Hapa kuna ujanja ambao umenisaidia kuliko yote. Kwa kuwa fremu ya kwanza ndiyo picha yako halisi na za mwisho ndizo za kutunga, igeuze klipu icheze kinyumenyume. Ukitaka kamera ianzie karibu na uso kisha irudi nyuma hadi picha nzima, usiombe irudi nyuma, maana itabidi ibuni kila kinachoingia pembeni. Omba isogee mbele, halafu geuza. Mtazamaji anaanza na sehemu ya kutunga, ambayo inapita, na jicho lake linamalizia kwenye picha ya kweli, ambayo unaweza kuigandisha hapo kwa sekunde mbili zaidi. Angalizo moja tu: pasiwe na kitu kinachojulikana kina upande wa kwenda. Nilifanya hivyo kwa picha ya jikoni, moshi ukawa unashuka kurudi kwenye mafiga.

Maandishi ni janga lingine. Tuna picha ya shangazi akiwa msichana, amejifunga kanga, na jina la kanga linasomeka wazi: WEMA HAUOZI. Niliiambia kamera imzunguke robo duara. Pindo lilibaki vizuri, mji ulibaki na maua yake, ila jina liligeuka WEHA HAUOZO, na kabla sekunde haijaisha zikawa herufi za lugha isiyokuwapo duniani. Programu inajua umbo la maandishi, lakini inapovuta kitambaa haisomi. Kwa picha yenye kanga, jezi, ubao wa duka au namba ya gari, baki na mwendo wa bapa, au kata klipu kabla herufi hazijaanza kulegea. Mtu wa pwani ataisoma kanga kabla hajatazama uso.

Nakuja kwenye jambo ambalo nina msimamo nalo. Programu hizi haziishii kusogeza kamera. Zinataka kumsogeza na mtu. Tangu MyHeritage walipotoa Deep Nostalgia, Februari 2021, watu wamekuwa wakiwafumbua macho marehemu wao, wakiwageuza shingo na kuwachekesha. Nami nilijaribu. Bibi alikuwa na mwanya, na katika picha ile mdomo umefungwa. Programu ilimchekesha, na alipofungua mdomo, meno yote yalipangana kama ya tangazo la dawa ya meno. Watoto hawakuona tatizo. Shangazi aliinuka akaenda jikoni. Nilipomfuata alisema neno moja tu, "Siyo," akaendelea kumenya vitunguu.

Tangu siku hiyo ninamsogeza anayetazama. Anayetazamwa namwacha alivyokaa. Mwendo wa kamera ni wangu mimi niliye hai. Tabasamu ni la mwenyewe, na kama hakulitoa studio mwaka 1971, sina ruhusa ya kulitoa kwa niaba yake. Kwa walio hai omba ruhusa, kwani picha unayoipakia inakwenda kwenye kompyuta za kampuni ya watu, na masharti yao huwa marefu kwa sababu. Picha za watoto wa wengine usizipakie kabisa. Ukiiweka video TikTok au YouTube, watakutaka uweke alama kwamba imetengenezwa kwa akili mnemba endapo inaonekana kama tukio la kweli. Iweke, haiharibu chochote.

Kuunganisha klipu ni kazi ya nusu siku. Usiziache zote ziende mbele, watu watahisi wako kwenye lifti. Moja mbele, moja kando, moja bapa, moja isimame tu. Ile inayosimama usiionee huruma. Chris Marker alitengeneza La Jetée, mwaka 1962, dakika 28 ambazo karibu zote ni picha mnato zilizopangwa, na mahali pamoja tu, kwa muda mfupi, mwanamke aliyelala anafumbua macho na kupepesa. Mwendo huo mmoja unakushtua kwa sababu kabla yake hapakuwa na mwingine.

Picha ya bibi niliirudia mara ya mwisho bila akili mnemba. Picha ni ya wima na ukumbi ni wa mlalo, kwa hiyo niliipanua mpaka ikajaza upande kwa upande, nikaanzia chini miguuni na kupandisha polepole: viatu, kitambaa cha kimeza, mkono, maua, uso, na meli ikiwa imetulia nyuma. Sekunde nane. Nikamwita shangazi aikague kabla sijaipeleka kwa mtu wa projekta.

"Simamisha," akasema. "Rudisha kidogo. Hapo."

Chini ya ukingo wa kitambaa, kwenye mguu wa kimeza, vilikuwa vimeshika vidole vitatu vidogo. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo maisha yangu yote. Nilifungua ile video ya meli nikatafuta mahali pale pale, nikakuta programu imevigeuza kombe, vimelala mchangani vizuri.

"Walinificha chini ya meza nisitokee," shangazi akasema, "nami nikawa sitaki kumwachia."

Nilirudi kwenye CapCut nikaisogeza ile alama ya kwanza, kamera ikae pale chini sekunde mbili zaidi kabla ya kuanza kupanda.